Bima ya wanyama wa nyumbani jijini Dar es Salaam

Bima ya wanyama wa nyumbani ni mkataba ambao mwenye mnyama, kwa kawaida mbwa au paka, hulipa ada kwa kampuni ya bima, na kampuni huahidi kubeba gharama yote au sehemu yake iwapo mnyama ataugua, ataumia, atakufa au atamdhuru mtu mwingine. Katika nchi kama Uswidi na Uingereza ni jambo la kawaida. Jijini Dar es Salaam, hasa katika eneo la Kariakoo na mitaa ya katikati ya jiji, bima ya namna hii haijazoeleka. Mwenye mnyama aliyepatwa na dharura hutegemea zaidi akiba yake, mchezo wa fedha, mkopo wa simu au ofisa mifugo wa kata. Makala hii inaeleza njia hizo, kila moja inalipa nini na inalipa lini, kwa kuwa hapo ndipo zinapotofautiana sana.

== Asili ==

Bima ya wanyama ilianza kwa wanyama wa kazi. Nchini Uswidi, mwishoni mwa karne ya 19, wakulima walikatia bima farasi na ng'ombe wao, kwa sababu kufa kwa farasi mmoja kulitosha kumfilisi mkulima. Mbwa alikuja baadaye: bima ya kwanza ya mbwa nchini humo hutajwa kuwa ya mwaka 1924. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Nchini Marekani ilianza mwaka 1982, na mnyama wa kwanza kukatiwa alikuwa mbwa mwigizaji wa televisheni aliyeigiza kwa jina la Lassie.

Mbwa na paka walipoingia katika bima, maana ya bima yenyewe ilibadilika. Farasi alikatiwa bima ili akifa mwenyewe apate fedha za kununua mwingine. Mbwa wa nyumbani anakatiwa bima ili asife, yaani ili mwenyewe aweze kulipia upasuaji, dripu au kulazwa. Bima ya kwanza hulipa thamani ya mnyama, ya pili hulipa matibabu. Ni mikataba miwili tofauti hata kama yote inaitwa bima ya wanyama, na asiyejua tofauti hiyo anaweza kununua isiyomfaa.

== Tanzania na jirani zake ==

Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa ndilo shirika pekee la bima Tanzania Bara kwa muda mrefu, hadi soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990. Leo kampuni za bima, mawakala na madalali husajiliwa na kusimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), iliyopo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Bima ya wanyama inayojulikana nchini ni bima ya mifugo: ng'ombe wa maziwa, mbuzi, nguruwe, kuku wa biashara. Mnyama hutambuliwa kwa hereni, daktari wa mifugo huthibitisha afya na umri wake, thamani yake inakubaliwa, na akifa kwa sababu zilizotajwa katika mkataba mfugaji hulipwa. Ni bima nzuri kwa mwenye ng'ombe, kwani bei ya ng'ombe inajulikana mnadani na kila mtu anaweza kuithibitisha.

Nchini Kenya kuna mfano mwingine maarufu. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake walianzisha Marsabit bima ya mifugo inayofuata faharisi. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wafugaji wote wa eneo wenye bima hulipwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake kwa msingi huohuo. Utaratibu huu unapunguza gharama za ukaguzi na ubishi wa madai. Haufai kwa paka wa Mtaa wa Congo, kwa kuwa hakuna setilaiti inayoweza kuonyesha kwamba amekula panya aliyekufa kwa sumu.

Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam akiingia katika ofisi ya bima na kuulizia bima ya mbwa, inawezekana akaonyeshwa mkataba uliotengenezwa kwa kufuata bima ya mifugo. Swali la kwanza la kuuliza ni kama mkataba huo unalipa mnyama akiwa hai na anatibiwa, au unalipa akishakufa tu.

Bima ya afya ya binadamu haihusiki hapa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni ya watu.

== Mazingira ya Kariakoo ==

Kariakoo haina mbwa wengi kama Mbezi au Kigamboni, lakini haikosi wanyama. Kuna mbwa wa ulinzi katika maghala na katika nyua za nyumba chache za zamani zilizobaki kati ya maghorofa. Kuna njiwa, kasuku na kuku wa kufugwa juu ya paa. Na kuna paka kila mahali, dukani, sokoni, kwenye ngazi za ghorofa na mbele ya migahawa.

Paka hao wanaleta tatizo la kisheria ambalo wanafunzi wa bima hulisoma darasani: maslahi ya kibima. Huwezi kukatia bima kitu ambacho kupotea kwake hakukupi hasara wewe. Paka wa sokoni hana mwenyewe, au ana wenyewe wengi: muuza samaki anampa vichwa, muuza nafaka anamhitaji kwa ajili ya panya, mlinzi anamwachia maji. Wote watasikitika akifa, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kutia saini kama mmiliki wake. Paka kama huyo akigongwa, anayemlipia matibabu ni yule mwenye huruma aliyekuwa karibu, na hakuna mkataba utakaomrudishia fedha hizo.

Dharura za kawaida za eneo hili hutokana na msongamano wake. Bodaboda na bajaji hugonga wanyama. Paka na watoto wa paka huanguka kutoka kwenye varanda za ghorofa. Watoto wa mbwa wasiochanjwa hufa kwa ugonjwa wa pavo, unaoharisha damu na kumaliza maji mwilini kwa siku chache. Kupe huleta homa. Kisha kuna sumu. Machinga wanaopita na vipaza sauti wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni huuza vipakiti ambavyo mara nyingi havina maelezo ya kutosha. Sumu zinazozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K, na dalili zake huchukua siku kadhaa kuonekana. Nyingine hushambulia neva na huweza kuua ndani ya saa chache. Ndiyo maana anayempeleka mnyama kwa daktari anashauriwa kubeba na pakiti yenyewe.

Kariakoo ina maduka mengi ya pembejeo na dawa za mifugo, na watu huja hapo kutoka mikoani kununua chanjo za kuku, dawa za minyoo na za kuogesha kupe. Kliniki za wanyama wadogo, zenye vyumba vya upasuaji na mashine za picha, ziko zaidi upande wa Masaki, Oysterbay, Msasani na Mbezi. Hivyo mkazi wa Kariakoo ana dawa mlangoni na daktari mbali. Daladala haimpakii mbwa anayetoka damu. Itabidi akodi bajaji au teksi, na jioni foleni inaweza kula saa nzima. Wengi huishia kueleza dalili kwa muuza duka na kurudi na sindano.

Desturi hiyo ina madhara mawili. La kwanza ni la kitabibu na halihitaji maelezo mengi. La pili linahusu bima: kampuni inayolipa matibabu hudai ripoti ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, pamoja na risiti zake. Dawa iliyonunuliwa kaunta bila daktari haitoi ripoti, na pasipo ripoti hakuna madai. Mtu anaweza kulipa ada mwaka mzima kisha akajitoa mwenyewe nje ya mkataba kwa kwenda dukani.

== Hesabu ya dharura moja ==

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, wa kuonyesha hesabu tu. Tuseme mbwa amekadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 600,000, na ada ya mwaka ni asilimia 6 ya thamani hiyo, yaani shilingi 36,000. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, mwenye mbwa atalipa shilingi 42,480. Mkataba unasema kwamba katika kila dai mwenye bima atabeba mwenyewe shilingi 50,000 za kwanza.

Mbwa akikatwa na bati na matibabu yakawa shilingi 60,000, kampuni italipa 10,000. Akivunjika mguu na matibabu yakafika 400,000, kampuni italipa 350,000. Bima inaonyesha faida katika janga kubwa, si katika majeraha madogo ya kila mwezi. Anayetegemea bima imlipie dawa za minyoo atavunjika moyo.

Tena kuna suala la muda. Mikataba mingi ya aina hii duniani hufanya kazi kwa kurudisha fedha: mwenye mnyama hulipa kliniki kwanza, kisha hupeleka risiti na kusubiri. Mbwa aliyegongwa usiku wa Jumamosi anahitaji shilingi 400,000 usiku huohuo. Bima itazirudisha wiki zijazo, lakini haitoi fedha za kumpokelea mgonjwa mlangoni. Kwa hiyo hata mwenye bima nzuri anahitaji fedha za haraka pembeni, na asiye na fedha hizo bima peke yake haimwokolei mnyama wake. Jambo hili ndilo huachwa mara nyingi katika vipeperushi.

Mbwa wa kienyeji ana tatizo lake. Kampuni inaweza kukubali thamani ya mbwa wa mbegu ya kigeni aliyenunuliwa kwa risiti. Mbwa aliyepewa na jirani akiwa mtoto hana bei, ingawa ndiye analinda ghala lenye mali ya mamilioni. Katika bima inayolipa thamani, mbwa huyo ni karibu na sifuri.

== Akiba, mchezo na mikopo ==

Katika mitaa ya Kariakoo njia ya kwanza ya kukabili dharura yoyote ni watu. Mchezo, ambapo wanachama huchanga kila wiki au mwezi na mmoja kupokea kwa zamu, hutoa fedha nyingi kwa mkupuo, lakini kwa zamu iliyopangwa. Dharura haifuati zamu, ila pale kikundi kinapokubali kubadilishana nafasi. Vikundi vya VICOBA vina nafuu zaidi, kwa kuwa vingi huwa na mfuko wa jamii wa kusaidia wanachama wenye shida. Mfuko huo umewekwa kwa ajili ya misiba na magonjwa ya watu, na ni mwanachama jasiri atakayesimama kikaoni kuomba fedha za paka. Kwa mbwa wa ulinzi wa duka hoja hueleweka kwa urahisi zaidi, kwani hiyo ni mali ya biashara.

Mikopo ya simu hutoka kwa dakika chache. M-Pawa ilianza mwaka 2014, na baadaye zikaja huduma nyingine za mitandao kama Songesha na Timiza. Kiasi anachoruhusiwa mteja hutegemea matumizi yake ya simu, kwa hiyo mwenye mzunguko mdogo hupata kidogo. Ada za mkopo wa muda mfupi zikihesabiwa kwa mwaka mzima ni kubwa, ila kwa mtu atakayerejesha ndani ya wiki moja zinaweza kuvumilika. Tofauti kabisa ni wakopeshaji wa mitaani wa mikopo inayoitwa kausha damu, ambao huchukua kadi ya benki au vyombo vya ndani kama dhamana. Kumtibu mnyama kwa mkopo wa namna hiyo ni kuhamisha dharura kutoka kwa mbwa kwenda kwa familia.

Njia isiyo na mvuto ndiyo inayofaa wengi: akiba ndogo ya makusudi. Anayeweka shilingi 3,500 kila mwezi, karibu sawa na ada katika mfano uliotangulia, atakuwa na shilingi 42,000 baada ya mwaka mmoja na 126,000 baada ya mitatu. Haitatosha mguu uliovunjika. Itatosha pavo ikigunduliwa mapema, au bajaji ya kwenda kwa daktari pamoja na sindano za kwanza. Na mwaka ukipita salama fedha bado ni zake.

== Gharama ya mtu aliyeng'atwa ==

Gharama kubwa kuliko zote zinazoweza kumpata mwenye mbwa hazitokani na ugonjwa wa mbwa. Zinatokana na mbwa kumng'ata mtu, na katika eneo lenye watu wengi kama Kariakoo uwezekano huo ni wa kila siku.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kinazuilika kwa kuosha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali kupata chanjo, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa. Mtu akiacha katikati hana kinga kamili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Tanzania ulikadiria kwamba mwathirika wa kijijini, akijumlisha chanjo na safari, angehitaji zaidi ya dola 100 za Marekani kumaliza dozi zote. Mjini safari ni fupi, lakini dozi zinabaki kuwa nyingi, na aliyeng'atwa hutazamia mwenye mbwa alipe.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya Adhabu inamfanya kuwa na kosa mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye chini yake, na aliyedhurika anaweza pia kudai fidia kwa njia ya madai. Hapa bima inaweza kusaidia kuliko inavyosaidia katika matibabu ya mbwa mwenyewe. Baadhi ya bima za nyumba na za biashara zina kipengele cha dhima kwa watu wengine, na kipengele hicho kinaweza kujumuisha madhara ya mnyama wa mwenye bima. Mfanyabiashara ambaye tayari ana bima ya moto, na bima ya moto ndiyo inayozungumzwa sana Kariakoo tangu jengo la soko kuu lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, anaweza kuuliza kama kipengele hicho kimo katika hati yake au kinaweza kuongezwa. Mbwa wa ghala akimng'ata kuli au mteja, hapo ndipo mkataba utapimwa.

Kinyume chake pia hutokea: gari kumgonga mbwa. Kisheria mnyama ni mali, hivyo mwenyewe anaweza kumdai dereva mzembe, na bima ya gari, hata ile inayoitwa bima ndogo, inaweza kuhusika ikiwa inabeba uharibifu wa mali za wengine. Lakini mbwa aliyekuwa akizurura barabarani bila kamba humweka mwenyewe katika nafasi dhaifu, na pengine yeye ndiye atakayedaiwa taa ya pikipiki iliyovunjika.

== Chanjo ==

Ikilinganishwa na njia zote zilizotajwa, chanjo ndiyo rahisi zaidi kwa bei na ndiyo pekee inayofanya kazi kabla ya hasara. Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Paka pia huchanjwa, jambo ambalo wengi hulisahau kwa sababu ya jina la ugonjwa. Wataalamu hulenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukose njia ya kuenea. Kampeni nyingi huambatana na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya chanjo yake kutumika kwa binadamu. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa kuhusu ratiba na mahali pa kuchanjia.

Kadi ya chanjo ina kazi ya pili. Kampuni yoyote ya bima itaiomba kabla ya kumpokea mnyama, na polisi au hospitali wataiulizia mtu aking'atwa. Iwekwe pamoja na hati nyingine za nyumba, si kwenye mfuko wa gari.

== Kabla ya kutia saini ==

Anayeamua kununua bima anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA. Asome hasa sehemu ya mambo yasiyolipwa, ambayo huwa mwishoni na kwa herufi ndogo. Maradhi aliyokuwa nayo mnyama kabla ya mkataba kwa kawaida hayalipwi. Kuna muda wa kusubiri baada ya kulipa ada, ambapo ugonjwa hauhesabiwi. Mnyama mzee anaweza kukataliwa. Kifo cha sumu kinaweza kuwekewa masharti, na kwa Kariakoo hilo si jambo dogo. Mwenye mnyama naye anawajibika kusema ukweli wote: mbwa aliyewahi kung'ata akitajwa kuwa mpole, kampuni ina haki ya kukataa dai.

Aulize pia daktari gani anakubalika, na kama kuna anayefika Ilala au ni lazima mnyama apelekwe upande wa pili wa jiji. Aulize dai lifunguliwe ndani ya siku ngapi. Dai likikataliwa bila sababu ya kuridhisha, malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yakiwa na nakala ya hati ya bima, risiti za ada, ripoti ya daktari na barua ya kampuni ya kukataa.